Mwaka Niliosugua Sarafu ya Mama Skola

Mwezi wa sita mwaka huu Skola alinipigia simu saa moja asubuhi, na kabla hajasema neno nilishajua, kwa sababu Skola si mtu wa kupiga simu asubuhi. "Mama amepumzika, Vero," alisema. Nilipanda treni kutoka Tabora mpaka Mpanda, nikachukua pikipiki mpaka Katumba. Kwenye matanga nilikaa jikoni na akina mama, tukichambua maharage kwenye ungo, na kila aliyeingia aliuliza mimi ni nani. Skola aliwajibu kwa sauti iliyokauka kwa kulia: "Huyu ni Vero, tulipanga naye chumba Makanyagio enzi za sekondari." Binti yake wa mwisho akainua kichwa. "Ndiye yule wa sarafu?" Wakubwa waliokijua kisa wakacheka, mmoja wao akajifuta machozi kwa pindo la kanga huku akicheka hivyohivyo. Nami nilicheka. Lakini nilizikumbuka zile wiki tano za mwaka 1993. Nilipokuwa narudi, nikiitazama miombo inavyopita dirishani, niliamua kukiandika kisa chenyewe, kwa ajili ya watoto wale na kwa ajili ya yeyote anayeanza kukusanya sarafu na hajui aanze kujifunzia wapi.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, nina miaka kumi na saba. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa, na sekondari yetu ilikuwa ya kutwa, kwa hiyo sisi tuliotoka mbali tulipanga vyumba mitaani. Mimi nilitoka Kapalamsenga, ziwani. Skola alitoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, na kila muhula alikuja mjini na karatasi ya kibali iliyokunjwa mara nne ndani ya daftari. Mwenye nyumba wetu, Mama Pili, alikuwa akikaanga maandazi uani tangu alfajiri. Nyumba haikuwa na dari, na kuta za vyumba ziliishia chini ya bati, hivyo maneno ya chumba kimoja yaliruka na kutua chumba cha pili. Sisi tulijua mpangaji wa mbele anagombana na mkewe kwa sababu ya chumvi. Wao walijua tumefeli fizikia. Tulikuwa na kitanda kimoja, meza moja, sufuria mbili. Tulikula ugali wa muhogo na maharage aliyotupa mama yake Skola, na siku nikiletewa mzigo kutoka nyumbani tulikula migebuka mikavu, ambayo Skola aliitafuna mpaka kichwa huku akisema watu wa ziwani tunanuka samaki hata kwenye madaftari. "Na nyie mnanuka maharage," nilimwambia siku moja. "Maharage hayanuki," alijibu. Kutoka ng'ambo ya ukuta Mama Pili akasema, "Yananuka. Mimi ndiye ninayelala huku."

Kitu kimoja kilikuwa changu peke yangu: kopo la mafuta ya kupikia lililojaa sarafu. Zilikuwemo za Zaire walizotuachia wachuuzi waliovuka ziwa, faranga za Burundi nyepesi kama kifuniko cha chupa, na senti kumi za zamani za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati, ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi. Nilizipenda bila kujua chochote. Jumapili nilizipanga kitandani kwa ukubwa, nikazichanganya, nikazipanga kwa rangi. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanaofanya hivyo maisha yao yote na kuandika vitabu juu yake. Siku hizi wanafunzi wangu hunitumia picha kwa simu: "Mwalimu, hii inauzwa bei gani?" Huwa nawajibu kwamba hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni hii ni nini, na la pili ni nani anasema, na amejuaje. Nawaeleza polepole, hata wakirudia kuuliza mara tatu, na siwacheki. Mimi sikuwa na wa kumuuliza, na masomo yangu ya kwanza niliyapata kwa kuharibu kitu cha mtu mwingine.

Katikati ya mwezi wa tisa Skola alirudi kutoka kwao na unga kichwani. Alipoutua, alifungua pindo la kitenge, akatoa kitambaa cheupe kilichozeeka, na ndani yake sarafu. "Mama amesema wewe unayependa vitu hivi uitazame umwambie imeandikwa nini. Ila irudi, Vero. Alitoka nayo Burundi." Ilikuwa kubwa kuliko shilingi zetu, nzito, nyeusi kama kisu cha zamani. Upande mmoja niliona taji, mwaka 1916, na chini kabisa herufi T peke yake. Upande wa pili kulikuwa na namba ishirini na neno ambalo weusi ulikuwa umelifunika nusu. Ukingo wake haukuwa mviringo sawasawa. Sikuwahi kushika kitu cha zamani namna ile. Mama yake Skola nilikuwa nimemwona mara moja tu, alipokuja shuleni kumwandikisha mwanawe, mwanamke mrefu asiyesema sana. Kwamba alinipa mimi kitu hicho nikitazame, niliona ni heshima ambayo lazima niilipe.

Nikailipa kama nilivyofundishwa. Kwetu ziwani, na kwao Skola vilevile, chombo cha mtu hakirudi kichafu. Ukiazima sufuria, unairudisha imesuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka tako lake linang'aa, na mwenyewe huigeuza aangalie chini kabla hajakushukuru. Msichana hujulikana malezi yake hapo. Basi Jumamosi, Skola akiwa ameenda kuteka maji, niliketi uani nikachota majivu kwenye jiko la Mama Pili, nikakata ndimu, nikaongeza mchanga laini, nikaisugua sarafu ile kwa gunzi. Weusi uligoma, nikaongeza mchanga. Mama Pili alinitazama juu ya karai la mafuta akasema, "Hapo sawa. Atakayekuoa hatakula kwenye masizi." Nilipoisuuza ilitoka njano kama pete mpya, na lile neno likasomeka: Heller. Nilijiona mtaalamu. Nikaingia chumbani kuirudisha kwenye kitambaa chake, na hapo ndipo nilipoogopa. Katikati ya kitambaa kulikuwa na alama ya duara, kahawia, ambayo sarafu iliichora kwa miaka yote iliyokaa pale. Nilipoiweka juu yake ilionekana kama kitu kigeni. Niliisogeza dirishani. Mchanga ulikuwa umeacha mikwaruzo kila mahali, myembamba kama nywele, na taji lilikuwa limelainika. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia chini ya kopo langu. Skola alipoingia na ndoo akauliza, "Umeshaisoma?" nilimjibu, "Bado naichunguza."

Ukishasema jibu kama hilo mara moja, kesho yake ni lazima uliseme tena. Nililisema kwa wiki tano. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, na kila alipolitaja jina la mama yake nilianza kuzungumzia mtihani. Nilichokuwa nakitafuta sasa hakikuwa maana ya maandishi. Nilitafuta mtu au kitabu cha kunieleza namna ya kurudisha weusi.

Wa kwanza kumwendea alikuwa Kaka Rajabu. Huyu alikaa kila siku kwenye mgahawa karibu na stesheni, na watu walimjua kama mnunuzi wa rupia, zile sarafu za fedha za Mjerumani. Miaka ile habari za mali za Wajerumani zilikuwa kila mahali. Watu walichimba chini ya miti na kwenye boma zilizobomoka. Iliaminika kwamba rupia ya kweli huvuta mchele, kwamba ukiiweka karibu na punje, punje huisogelea zenyewe. Kaka Rajabu alikuwa na kisahani cha mchele mbichi pembeni ya chai yake. Nilimpa sarafu, akaiweka kisahanini, na watu wa meza za jirani wakainama kutazama. Mchele haukutikisika.

"Mnaona? Haivuti," alisema. "Feki, dada. Mjerumani hafanyi kazi ya hovyo hivi. Tazama, mduara wenyewe umepinda. Hii kachonga fundi baiskeli."

Mzee mmoja aliyekuwa akichovya kitumbua kwenye chai akauliza, "Na ile ya juzi, Rajabu, ilivuta?"

"Ile ilitaka kuvuta. Mchele ndio ulikuwa wa Kakese, una unyevu."

Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimepata nafuu. Kama ni feki, basi sijaharibu kitu. Nilianza kupanga maneno ya kumwambia Skola. Ndipo nikaona kiganja cha Kaka Rajabu kimeifumbata sarafu. "Niachie," alisema, "nitakutupia." Sijui nilipata wapi ujasiri, maana nilikuwa msichana wa kutazama chini mbele ya wakubwa. "Kaka, kama ni feki, wewe ya nini?" Yule mzee wa kitumbua akasema, "Mjibu binti." Kaka Rajabu aliisukuma sarafu juu ya meza. "Chukua uchafu wako. Shule zinawaharibu." Nilitoka nimeibana mkononi mpaka ukingo ukanichora kiganja. Nawaeleza wanafunzi wangu mpaka leo: anayetaka kukufundisha juu ya kitu chako na papo hapo anataka kibaki kwake, msikilize kwa adabu, kisha nenda kamuulize mwingine. Lakini siku ile sikuwa na hekima hiyo. Nilijua tu kwamba nafuu yangu imekwisha na njia ni ndefu.

Mwalimu mmoja alinidokeza kwamba nyuma ya kanisa kuna chumba cha vitabu vya mapadre wa zamani. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Kilikuwa chumba chembamba chenye dirisha moja, kikinuka mafuta ya taa yaliyopakwa kwenye rafu kuzuia mchwa. Msimamizi alikuwa Sista Gaudensia, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Unataka kitabu cha nini?"

"Cha hela za zamani, sista."

"Za kuchimba au za kusoma?"

"Za kusoma."

"Nionyeshe mikono." Nilimwonyesha. "Nenda kanawe. Kitabu si kande."

Kwanza alinipa kitabu cha wanyama, kwa sababu kilikuwa na picha ya simba aliyefanana na wa kwenye shilingi za Mwingereza. Kisha akanipa atlasi. Mara ya tatu alipanda kigoda, akashusha kitabu kinene kisicho na jalada la mbele, mchwa wamekula pembe. Kilikuwa kwa Kiingereza, kimejaa picha za sarafu za Afrika, na kila ukurasa pembeni palikuwa na maandishi ya penseli kwa Kiswahili. Sista alisema ni ya padre mmoja mzungu aliyekwisha kurudi kwao, ambaye alikuwa na sanduku la sarafu na alimsumbua kila mtu kwa maswali. Nilikaa nacho Jumamosi tatu, kamusi pembeni. Nakumbuka joto la bati, nakumbuka kwaya ikifanya mazoezi ya wimbo uleule upande wa pili wa ukuta, sauti ya pili ikikosea mahali palepale. Kila nilipofungua ukurasa, sikujua kama nitapata dawa au hukumu.

Nilipata vyote viwili. Picha ya sarafu ya Mama Skola ilikuwamo, na nilipoiona nilishika mdomo. Kitabu kilieleza kwamba Wajerumani walipokuwa vitani hapa nchini, meli za kuleta fedha kutoka kwao hazikuweza kufika, hivyo walitengeneza zao wenyewe kwenye karakana ya reli ya Tabora, kwa shaba na vyuma walivyovipata, tena kwa haraka. Ndiyo maana zilitoka zimepinda. Herufi T ni ya Tabora. Kwa hiyo kile alichokiita Kaka Rajabu kazi ya hovyo ndicho kilichokuwa ushahidi wake. Nilijifunza pia kwamba neno letu hela lilitokana na neno lile lile nililolifichua kwa gunzi, na nilicheka peke yangu, kwa kuwa nilikuwa nimelitamka maisha yangu yote. Padre aliandika pembeni kila alichosikia na jina la aliyemwambia: "Kwa maneno ya muuza samaki wa Karema, ambaye alipewa na baba yake. Sina hakika." Au: "Nimeiona mwenyewe." Sijawahi kupata mwalimu bora wa kukusanya sarafu kuliko mistari ile midogo. Ila mwishoni mwa kitabu kulikuwa na sura ya kutunza. Shika sarafu ukingoni. Usiipake kitu. Na sentensi moja niliyoitafsiri neno kwa neno nikitumaini nimekosea: sarafu ya zamani isisuguliwe kamwe, kwa sababu kilichoondoka hakirudi.

Hapo ningepaswa kufunga kitabu na kwenda kumwambia Skola. Badala yake nilisoma aya ya chini yake, iliyoonya kwamba wadanganyifu huzitia sarafu weusi wa uongo kwa kutumia vitu vyenye salfa, hata yai la kuchemsha. Mwoga husoma anachokihitaji. Nilisoma onyo lile kama maelekezo ya mapishi. Jumanne Skola alipobaki shuleni kwa mazoezi ya netiboli, nilichemsha mayai mawili mpaka viini vikawa na rangi ya kijani pembeni, nikayaponda ndani ya kopo tupu, nikaizika sarafu humo na kufunga kifuniko. Nilikaa nalo juu ya magoti kama mtu anayeatamia. Baada ya saa moja Mama Pili akaanza kusema ng'ambo ya ukuta: "Nani kafa humo? Vero! Mmeficha nini?" Nikajibu ni tumbo. "Hilo tumbo lipelekwe hospitali!" Nilipofungua, weusi ulikuwa umeshika, lakini kwa mabaka, hapa doa, pale upara, kama kichwa chenye mapunye. Niliifuta kwa kanga. Mabaka yakabaki. Sasa haikuwa ya zamani wala mpya. Nilikaa kitandani na kuitazama, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza wazi nilichokuwa nakusudia. Kama weusi ungeshika vizuri, ningempelekea mwanamke yule uongo ndani ya kitambaa chake mwenyewe, na yeye angenishukuru.

Baada ya tarehe ishirini ya mwezi wa kumi habari za mauaji ya Burundi zilianza kusomwa redioni. Sitazieleza, wanaozijua wanazijua. Kwenye nyumba yetu isiyo na dari redio tatu zilisema jambo moja kwa wakati mmoja, na Skola alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ugali mbele yake umeganda, akisikiliza mpaka betri za jirani zikalegea. Siku ya pili akaja kijana kutoka kwao na kiroba cha maharage na salamu. Alisimama mlangoni na baiskeli. "Mama amesema wote wazima. Amesema kile kitu chake mlichochukua, anakitaka."

Skola akanigeukia. "Kilete, Vero."

Nilisema, "Kaa kwanza." Nilimweleza yote, majivu, Kaka Rajabu, mayai, na nilimpa sarafu. Aliigeuza mara mbili. Nilingoja anipige, na nadhani ningeshukuru.

"Kumbe lile tumbo," alisema. Kisha uso wake ukabadilika. "Wiki tano unanidanganya tukiwa kitanda kimoja. Mimi nikimwambia mama, rafiki yangu ana akili, anaichunguza." Aliirudisha mkononi mwangu. "Mimi simo. Utaipeleka mwenyewe na utasema mwenyewe. Nitakuonyesha njia tu."

Tulikwenda Jumamosi kwa baiskeli ya kuazima, tukipokezana kuendesha, bila kuongea. Mvua za kwanza zilikuwa zimegusa vumbi. Nilipanga hotuba nzima njiani, nikaisahau tulipoingia uani. Mama Skola alikuwa ameketi kwenye mkeka anamenya mihogo, na redio ndogo imetundikwa kwenye msumari wa mlango. Majirani wawili walikuwa wamesimama karibu nayo, kimya. Nilipiga magoti. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Amahoro," akaongeza salamu ya Kirundi, amani. Nikatoa kitambaa, nikamwekea mkononi kwa mikono miwili.

Alikifungua. Aliitazama sarafu, akaigeuza aone upande wa chini, sawasawa na mtu anavyogeuza sufuria iliyorudishwa.

"Umesugua na nini?"

"Majivu, mama. Na ndimu. Na mchanga."

"Na haya madoa?"

"Yai."

"Yai?" Alimtazama Skola, ambaye alikuwa anatazama mti. "Lini?"

"Katikati ya mwezi wa tisa. Nilitaka irudi safi. Baadaye nikaogopa."

Redio ilisema jina la mahali, jirani mmoja akavuta pumzi. Mama Skola aliipunguza sauti, na aliposema hakupaza yake. "Wiki tano umekula maharage yangu na hukuniambia. Kuosha ni utoto. Nami ningekuwa umri wako ningeosha. Lakini tangu juzi nasikiliza hiki kiredio na mkono wangu mtupu. Mwaka wa sabini na mbili nilivuka nikiwa nimeibana hapa," akafumba kiganja, "na sikubana kitu kingine. Ungekuja siku ileile ningekugombeza yakaisha, na sarafu ingekuwa kwangu."

Machozi yalinitoka, naye aliyaacha yatoke. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayedai kilicho chake, "Haya. Nilituma swali. Imeandikwa nini?"

Nilimweleza, kwanza nikigugumia, kisha vizuri, kwa sababu kuhusu hilo nilikuwa nimejiandaa. Nilimwonyesha namba, taji, mwaka. Nilimweleza juu ya vita na meli zilizoshindwa kufika, karakana ya reli, shaba, haraka yao. "Na hii T, mama, ni Tabora. Zilitengenezwa Tabora."

Kisu kilisimama kwenye muhogo. "Rudia."

"Tabora."

Aligeuka akawaambia majirani jambo kwa Kirundi, haraka, na mmoja wao akapiga makofi mara moja. Skola akaacha kutazama mti. "Anasema babu yake alibeba mizigo ya Wajerumani mpaka Tabora," alinitafsiria. "Alirudi na hii peke yake. Kijiji kizima kilisema ni mwongo, hajawahi hata kuvuka mto. Alikufa wakimwita mwongo."

"Kitabu kinasema?" Mama Skola aliniuliza kwa Kiswahili. "Si wewe unayesema, ni kitabu?"

"Kitabu, mama. Kina hata picha yake."

"Andika," alisema. "Ya kitabu andika, na ya babu andika. Watoto hawa hawajui, maana hakuna aliyeniuliza, hata wewe ulikwenda kuuliza watu wa mchele." Habari za Kaka Rajabu Skola alikuwa amemdokeza kwa Kirundi, sijui saa ngapi. Nilitoa daftari langu la bayolojia, nikafungua ukurasa wa nyuma, na tulikaa pale mpaka mihogo ikaiva. Alisimulia, Skola akitafsiri palipomshinda, mimi nikiuliza kama padre wa penseli: nani alikwambia, wewe mwenyewe uliona? Alitaja jina la babu yake na la kijiji, na jinsi babu alivyoificha kwenye ukuta wa nyumba. Alitaja jina lake mwenyewe lote, Perepetwa Nduwimana, ambalo sikuwahi kulisikia, kwa sababu mjini kila mtu alimwita Mama Skola na kwenye karatasi za kibali alikuwa namba. Tulikula mihogo na maharage.

Tulipomaliza aliniambia nimsomee. Nilisoma kurasa zote mbili kwa sauti, naye alisikiliza macho yamefumba, sarafu imo kiganjani, akinisahihisha mahali pawili. Nilipofika mwisho alifumbua macho.

"Mbona hujaandika kwamba imeoshwa?"

Nilisema sikudhani inahusika.

"Atakayeiona kesho atashangaa ina mikwaruzo. Atadhani ni babu." Alinisogezea kalamu. "Andika na hilo."

Niliandika kwamba ilisuguliwa kwa majivu, ndimu na mchanga, Mpanda, mwezi wa tisa 1993, na Veronika, mwanafunzi, kwa kutojua. Nikamsomea.

"Na wiki tano?"

Skola akacheka, cheko la kwanza tangu redio zianze. Nikaandika na wiki tano.